Likizo ya utumishi wa muda mrefu

Likizo ya utumishi wa muda mrefu ni likizo yenye malipo ambayo mfanyakazi nchini Australia hupata baada ya kufanya kazi kwa mwajiri mmoja kwa miaka mingi, kwa kawaida 7 au 10. Ni tofauti na likizo ya mwaka na haipunguzwi kutoka humo. Anayestahili zote mbili hupewa zote mbili. Katika majimbo mengi mtu aliyetimiza miaka 10 hupata wiki 8 na theluthi mbili, na katika machache wiki 13.

Kwa kuwa ni likizo ndefu na huja mara chache maishani, tarehe ya kuichukua ina uzito mkubwa kwa pande zote mbili. Mfanyakazi huenda aliiwekea akiba safari ya kwenda kuwaona wazazi ng'ambo, au uuguzi, au arusi ya mtoto. Mwajiri naye hutazama msimu wa kazi na hesabu zake. Wasipoelewana, katika majimbo kadhaa sheria humruhusu mwajiri kupanga tarehe. Ruhusa hiyo ina mipaka: lazima atoe notisi ya muda uliowekwa, na hawezi kuitumia kupunguza wala kufuta likizo yenyewe.

Asili

Likizo hii ilianza katika miaka ya 1860 kwa watumishi wa serikali wa makoloni ya Victoria na Australia Kusini. Wengi wao walizaliwa Uingereza, na safari ya meli ya matanga kurudi huko ilichukua karibu miezi mitatu kwenda tu. Likizo ya wiki chache isingewafaa kitu. Ndipo ukaja utaratibu wa kumpa mtumishi aliyedumu kazini muda wa kutosha kusafiri, kukaa na jamaa zake na kurudi kazini.

Desturi kama hiyo ilikuwapo pia katika makoloni mengine ya Waingereza. Maofisa wa Kizungu wa Tanganyika na Kenya walikwenda kwao kwa likizo ndefu kila walipomaliza zamu ya miaka michache, na neno "livu", ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki bado wanalitumia, lilitokana na neno la Kiingereza la likizo. Tofauti ni kwamba Afrika Mashariki likizo ile ya ofisa wa kikoloni iliondoka pamoja naye. Huko Australia iliwashukia wafanyakazi wa kawaida.

Hilo lilitokea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kazi zilikuwa nyingi, watu walihama kutoka kiwanda hadi kiwanda, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu. New South Wales ilitangulia mwaka 1951 kwa wafanyakazi waliokuwa chini ya hati za masharti ya kazi za sekta, kisha ikapanua haki hiyo kwa sheria ya mwaka 1955. Queensland ilifuata 1952, Victoria 1953, Tasmania 1956, Australia Kusini 1957 na Australia Magharibi 1958. Mwanzoni kiwango cha kawaida kilikuwa wiki 13 baada ya miaka 20. Baadaye muda ulishushwa hadi miaka 15, na kisha watu wakaruhusiwa kuchukua sehemu yao baada ya miaka 10. Hapo ndipo inapotoka ile hesabu isiyo nzima ya wiki 8 na theluthi mbili: ni theluthi mbili za wiki 13.

Kwa kuwa kila jimbo lilitunga sheria yake, hadi leo hakuna sheria moja ya likizo hii kwa nchi nzima. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2009, iitwayo Fair Work Act, inaitaja, lakini kwa wafanyakazi wengi inaiachia sheria ya jimbo. Wengine hufuata masharti ya hati ya zamani ya sekta yao, au mkataba wa hali bora uliosajiliwa. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mwajiri kuhusu tarehe ni lazima kujua kwanza ni sheria ipi inayomhusu mtu. Mfanyakazi wa Melbourne aliyesoma sheria ya Sydney atajikuta anadai kisichokuwapo, au anaacha kilicho chake.

Kiasi cha likizo

Victoria, kwa sheria ya mwaka 2018, hutumia hesabu rahisi: sehemu moja ya 60 ya muda wote wa kazi isiyokatika, na mtu anaweza kuanza kuichukua akitimiza miaka 7. Aliyefanya kazi miaka 12, yaani wiki 624, anazo wiki 10.4. New South Wales hutoa miezi miwili baada ya miaka 10, na mwezi mmoja kwa kila miaka 5 inayofuata. Queensland, Tasmania na Australia Magharibi zina wiki 8 na theluthi mbili kwa miaka 10. Australia Kusini na Eneo la Kaskazini ndizo zenye wiki 13 kwa miaka hiyohiyo.

Wafanyakazi wa vibarua na wa saa chache hawaachwi nje. Nchini Victoria, kwa mfano, mapumziko kati ya kibarua kimoja na kingine hayakati utumishi ikiwa hayazidi wiki 12.

Nani hupanga tarehe

Njia ya kwanza katika majimbo yote ni maelewano. Mfanyakazi huomba, mwajiri hukubali au hupendekeza wakati mwingine, na wakishakubaliana huandika. Sheria huanza kuhitajika wanaposhindwa kuelewana, na hapo majimbo hutofautiana sana.

Nchini New South Wales sheria inasema likizo itolewe mapema iwezekanavyo baada ya kustahiliwa, kwa kuzingatia mahitaji ya shughuli za mwajiri, isipokuwa pande mbili zikubaliane kuiahirisha. Mwajiri anayepanga tarehe lazima ampe mfanyakazi notisi ya angalau mwezi mmoja. Huu ni muda mfupi kuliko ule wa majimbo matatu yanayofuata, na mtu aliyekusudia kusafiri mwishoni mwa mwaka anaweza kujikuta nyumbani mwezi wa Mei bila mpango wowote.

Victoria imempa mfanyakazi nafasi kubwa zaidi. Anaweza kuomba likizo wakati wowote baada ya kuistahili, hata ya siku moja tu, na mwajiri lazima ampe mapema iwezekanavyo isipokuwa awe na sababu za msingi za kibiashara za kukataa. Anaweza pia kuomba achukue muda mara mbili kwa nusu mshahara. Mwajiri kwa upande wake anaweza kumwagiza mfanyakazi aende likizo tarehe fulani, lakini kwa notisi ya maandishi ya angalau wiki 12. Barua ikimfikia mfanyakazi tarehe 1 Machi, likizo ya kulazimishwa haiwezi kuanza kabla ya tarehe 24 Mei. Agizo la mdomo halitoshi.

Queensland humtaka mwajiri atoe notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu endapo hakuna maelewano, na likizo anayoiagiza isipungue wiki 4. Sharti hili la pili lina maana yake: linamzuia mwajiri kuikatakata likizo vipande vya siku mbili tatu kila biashara inapolegea, mpaka mfanyakazi anajikuta hana kitu. Australia Kusini hufuata lugha inayofanana na ya New South Wales kuhusu mahitaji ya kazi, ila notisi yake ni siku 60.

Australia Magharibi ni ya kipekee. Huko likizo ikishastahiliwa kwa zaidi ya miezi 12 na bado hawajaelewana, mwajiri hana tena uwezo wa kumkatalia mfanyakazi. Mfanyakazi huchagua wakati unaomfaa yeye na kutoa notisi ya angalau wiki mbili. Yaani kadiri muda unavyopita, kauli ya mwisho huhamia mkononi mwa mfanyakazi.

Kwa nini mwajiri hutaka kuamuru

Mara nyingi sababu si chuki. Likizo iliyostahiliwa na isiyochukuliwa ni deni katika vitabu vya kampuni, na deni hilo hukua lenyewe. Mtu hulipwa kwa mshahara wa siku anapochukua likizo, si wa miaka ile aliyoichuma. Karani aliyepanda hadi kuwa meneja atalipwa likizo yote kwa mshahara wa umeneja. Kampuni yenye watu wengi wa siku nyingi hupenda wachukue likizo mapema, hasa wakati wa msimu mbaya ambapo hawana kazi nyingi ya kufanya.

Tarehe inaweza kumgusa mfanyakazi mfukoni vilevile. Aliyepunguza saa zake za kazi siku za karibuni huweza kuogopa kulipwa kidogo. Sheria zimeliona hilo. New South Wales hulinganisha mshahara wa sasa wa wiki na wastani wa miaka 5 iliyopita, na kumlipa mfanyakazi ulio mkubwa. Victoria, kwa wale ambao saa zao hubadilika, huangalia wastani wa wiki 52, wa wiki 260 na wa muda wote wa utumishi, kisha huchukua ulio juu kuliko yote. Kwa hiyo mwajiri hawezi kusubiri mtu apunguze saa ndipo amwamuru aende likizo kwa bei nafuu.

Mipaka ya agizo

Likizo inayoweza kuagizwa ni ile tu ambayo mfanyakazi ameshaistahili. Mwenye miaka 6 huko Melbourne au miaka 8 huko Sydney anaweza kukubali kuchukua likizo ya mapema mwajiri akimpa, lakini hawezi kulazimishwa. Waajiri wengine huchanganya jambo hili kwa sababu hati ya mshahara huonyesha saa za likizo zinazojikusanya tangu mwanzo wa kazi. Kujikusanya si kustahili.

Agizo pia haligeuzi jina la likizo. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari ana likizo ya ugonjwa, na mama aliyejifungua ana likizo ya uzazi. Likizo ya utumishi wa muda mrefu si gunia la kutupia kila siku ambayo mwajiri hana kazi ya kumpa mtu.

Mtu hapaswi kuadhibiwa kwa kuuliza wala kwa kudai. Fair Work Act inakataza mwajiri kumwachisha kazi, kumshusha cheo au kumdhuru mfanyakazi kwa sababu ana haki ya kazini au ameitumia, na haki zinazotoka kwenye sheria za kazi za majimbo zinahesabiwa humo. Tena sheria za majimbo zimeziba ule mwanya wa zamani wa kumfukuza mtu akiwa karibu kutimiza muda: utumishi uliokatwa na mwajiri kwa nia ya kukwepa likizo huhesabiwa kana kwamba haukukatika.

Na likizo haipotei kwa kutochukuliwa. Ajira ikiisha baada ya muda kutimia, salio lote hulipwa kwa fedha. Kabla ya muda kutimia mambo hutegemea jimbo na sababu ya kuondoka. New South Wales, kwa mfano, humlipa kwa uwiano mtu aliyetimiza miaka 5 lakini si 10 akiondoka kwa ugonjwa au dharura nzito ya kifamilia, akifariki, au akiachishwa na mwajiri bila kosa kubwa la makusudi.

Lipo jambo ambalo wafanyakazi wengi hudhani ni haki na kumbe sivyo: kulipwa fedha badala ya kwenda likizo huku mtu akiendelea na kazi. Victoria na New South Wales haziruhusu. Australia Kusini, Tasmania na Australia Magharibi zinaruhusu kwa makubaliano. Queensland huruhusu pale tu mkataba au hati ya sekta inaposema hivyo, au tume ya kazi ya jimbo inapokubali kwa sababu ya huruma au shida ya fedha. Hoja ya wanaokataza ni kwamba likizo iliwekwa ili mtu apumzike, na mwenye madeni angeiuza kila mara.

Mfanyakazi asiyekubaliana na agizo

Hatua ya kwanza ni kusoma tarehe mbili: ya barua na ya kuanza likizo. Zikiwa karibu kuliko notisi inayotakiwa na sheria, agizo lina kasoro, na mara nyingi barua fupi ya kulieleza hilo humaliza ubishi. Hatua ya pili ni kuomba hesabu ya miaka ya utumishi na ya wiki zilizokwisha kustahiliwa, kwa maandishi. Ya tatu ni kupendekeza tarehe nyingine na kutoa sababu. Mwajiri aliyepewa tarehe mbili za kuchagua hukubali kwa urahisi kuliko aliyeambiwa "siendi". Chama cha wafanyakazi kikiwapo, ofisa wake huifahamu hati ya sekta na huokoa muda mwingi.

Si jambo la busara kuja kazini kwa nguvu siku ambayo likizo iliyoagizwa kihalali imeanza. Notisi ikiwa sahihi, agizo lina nguvu mpaka litenguliwe na chombo chenye mamlaka. Nchini Victoria chombo hicho ni kitengo cha masuala ya kazi cha Mahakama ya Mahakimu, ambacho mfanyakazi anaweza kukiomba kiamue kuhusu agizo la mwajiri. Queensland ina tume yake ya uhusiano kazini, na Australia Kusini ina baraza lake la ajira. Ofisi ya shirikisho ya Fair Work Ombudsman hupokea maswali mengi ya kazi, lakini kwa likizo hii humwelekeza mtu kwenye ofisi ya jimbo lake. Wanaoanzia huko hupoteza siku zao za notisi bure.

Mwaka 2020

Janga la UVIKO-19 liliweka sheria hizi kwenye majaribio. Maduka, hoteli na mashirika ya ndege yalisimama ghafla, na waajiri wakatazama akiba za likizo za watu wao. Mpango wa serikali ya shirikisho wa kuchangia mishahara, JobKeeper, uliwaruhusu waajiri kumwomba mfanyakazi achukue likizo ya mwaka ilimradi abakiwe na wiki mbili, na mfanyakazi hakutakiwa kukataa bila sababu ya maana. Likizo ya utumishi wa muda mrefu haikuingizwa katika kanuni hiyo. New South Wales ilibadili sheria yake kwa muda ili notisi iweze kuwa fupi kuliko mwezi mmoja na likizo igawanywe vipande vidogo, lakini kwa makubaliano ya pande zote mbili. Kwa baadhi ya watu likizo hiyo ilikuwa mshahara pekee uliobaki, nao waliiomba wenyewe. Wengine waliimaliza wakiwa wamefungiwa ndani, likizo waliyoingoja miaka kumi.

Wanaohama mwajiri

Sharti la mwajiri mmoja huwaacha nje watu ambao kazi yao ni ya kuhamahama. Mjenzi hubadili kampuni kila jengo linapokwisha. Kwa ajili hiyo sekta ya ujenzi katika majimbo ina mifuko ambayo waajiri huchangia, na utumishi huhesabiwa katika sekta nzima. Wachimbaji wa makaa ya mawe wana mfuko wao wa kitaifa, wenye wiki 13 baada ya miaka 8. Tangu Julai 2019 Victoria ina mpango wa namna hiyo kwa wafanyakazi wa usafi na ulinzi wa kandarasi na wa huduma za jamii.

Mpango huu unawahusu Waswahili wengi wa huko, wakiwamo waliotoka Kongo na Burundi kama wakimbizi, kwa kuwa kazi za usafi, ulinzi na kutunza walemavu ndizo ambazo wageni huanza nazo. Kampuni ya usafi ikipoteza zabuni ya jengo na nyingine ikaingia, mfagiaji ni yuleyule na miaka yake haianzi upya. Fedha hutoka kwenye mfuko, lakini tarehe ya kuwa nje ya kazi bado huzungumzwa na mwajiri wa wakati huo. Ni muhimu mfanyakazi ahakikishe jina lake limesajiliwa na kila mwajiri anayempitia.

Nchi nyingine

New Zealand ina desturi ya likizo hii, lakini kwa mikataba tu, bila sheria. Sheria za kazi za Tanzania na Kenya hazina likizo ya namna hii. Hata hivyo swali la nani hupanga tarehe lipo kwenye likizo ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 hutoa siku 28 mfululizo, na humpa mwajiri uwezo wa kupanga lini zichukuliwe, mradi isiwe zaidi ya miezi 6 baada ya mzunguko wa likizo kwisha, au miezi 12 ikiwa mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanadai hivyo. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, hutoa siku 21 za kazi. Kenya pia imeridhia Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970, ambao unasema wakati wa likizo ya mwaka hupangwa na mwajiri baada ya kushauriana na mfanyakazi au wawakilishi wake, kwa kuangalia mahitaji ya kazi na nafasi ya mfanyakazi ya kupumzika.